Mwaka Misindano Ilipokomaa

Jumatatu, 3 Februari 2025. Alief, Houston.

Leo imetimia miaka ishirini na tatu tangu tuondoke Mufindi. Sikukumbuka mwenyewe. Mama Tumaini ndiye aliyenikumbusha, tukiwa tumesimama kwenye taa nyekundu njiani kwenda kliniki. "Baba Tumaini, leo ndiyo siku ile." Taa ikageuka kijani. Nikaondoa gari.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Mashine ya figo. Namshusha mlangoni, namtazama akiingia na blanketi lake, kisha naegesha gari chini ya miti miwili ya msindano iliyo mwisho kabisa wa maegesho. Mle ndani baridi kama jokofu. Sijui kwa nini wagonjwa wapigwe baridi hivyo. Nakaa garini na kitabu.

Festo akapiga simu nikiwa hapo. Ni mdogo wangu, ndiye aliyebaki na shamba. Hakusema hata kamwene, salamu ya kwetu. "Kaka, misindano imekomaa." Ameipima kwa kamba, shina kwa shina. Wanunuzi kutoka Mafinga wameshakuja mara mbili kuitazama. Anataka ikatwe kabla kiangazi hakijakolea, maana majirani wakianza kuchoma mashamba yao hakuna anayelala. Kisha akaongeza: "Na wewe ulisema."

Kweli nilisema. Tuliipanda mimi na Mama Tumaini, mvua za mwisho kabla ya safari, yeye akichimba, mimi nikinyoosha mistari. Nikawaambia ndugu wote waliokuwapo: misindano hii ikikomaa, narudi. Ilikuwa miche ya kimo cha kiganja. Nani alidhani itakomaa?

Nimemwambia Festo mtandao ni mbaya, nitapiga mimi.

Ijumaa, 7 Februari.

Sijapiga.

Nimeshuka garini kuutazama msindano wa maegesho. Majani yake ni sindano, tatu tatu, gome la vigae vinene. Hapa wanauita loblolly. Hakuna aliyeupanda. Kliniki ilijengwa ukiwa upo, wakamwaga lami kuuzunguka.

Nilikuwa bwana misitu miaka mingi. Nimeotesha misindano kwa malaki, nimeipogoa, nimeipunguza, nimeipigia namba. Lakini ile ya Mufindi ililetwa kutoka milima ya Mexico, tukaipanga kama askari, na chini yake hakuoti kitu. Msindano ulio kwao sijawahi kukaa nao. Ningepaswa kufurahi kama mtaalamu. Badala yake najisikia kama mtu aliyemjua mwenzake kazini tu, sasa amemkuta nyumbani kwake na pajama.

Jumamosi, 22 Februari.

Mikono inanuka moshi. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Ilikuwa siku ya wazee wa kanisa letu. Watanzania, Wakenya, Wakongo, ibada ya Kiswahili. Kila mwaka tunakwenda kambi moja kaskazini ya Houston, kando ya msitu wa serikali, tunaomba, tunaimba, tunakula. Rafiki yangu Njoroge, Mkenya, aliendesha jana kutoka Carrollton, upande wa Dallas, kuja tu kwa hilo. Mama Tumaini naye alikuja. Jumamosi ni siku yake nzuri, damu ikiwa imesafishwa jana yake. Tulimkalisha kwenye kiti cha kukunja, juani.

Baada ya wali nikatembea peke yangu, nikapita nyuma ya vyoo, nikaingia msituni. Msitu wa ajabu. Misindano mirefu, imeachana mbali mbali, nyasi zimejaa chini, jua linafika ardhini. Nikawaza: huyu aliyepanda hapa alikuwa mvivu. Kisha nikanusa moshi.

Mstari wa moto, kimo cha goti, unatambaa kwenye nyasi kuja upande wa kambi. Hakuna mtu. Sikufikiri. Nikapaza sauti: Moto! Moto! Moto!

Kwetu ukisikia hivyo huulizi. Na hawa hawakuuliza. Mama Furaha wa Bukavu alitangulia, viatu mkononi. Njoroge na tai yake shingoni. Kwaya nzima ya akina mama, vitenge vimepandishwa magotini. Kila mmoja alivunja tawi bichi bila kuelekezwa. Nikawapanga mstari. "Msipige juu, mnatawanya cheche! Kandamizeni!" Sauti ilitoka kama zamani. Goti halikuniuma. Nyuma yetu, kutoka kwenye kiti chake, Mama Tumaini alikuwa anapiga kelele, "Kushoto, jamani! Kushoto umewapita!"

Tuliuzima. Kipande kikubwa kuliko kiwanja cha kanisa letu. Watu wakakumbatiana, masizi usoni. Mama Furaha akaanzisha pambio.

Ndipo walipotokea kwenye moshi, upande wa pili, watu wa mashati ya njano na kofia ngumu. Kila mmoja ameshika kopo la mdomo mrefu linalodondosha moto. Walikuwa wanauwasha wao.

Mkuu wao ni mwanamke wa makamo, anaitwa Dana. Alitutazama kwa muda mrefu, sisi na nguo zetu za ibada na matawi yetu. Akauliza sisi ni kikosi cha wapi. Njoroge akamjibu kwa Kiingereza chake cha ofisini kwamba sisi ni kwaya.

"Beko banachoma pori yabo bo benyewe?" Mama Furaha alinishika mkono. "Na siye tuko tunabazimia?" Alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi sikucheka. Dana hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema kibao cha onyo kiko njia kuu, hakufikiria kama kuna watu wangepitia nyuma ya vyoo. Alisema msindano huu, longleaf, unataka moto kila baada ya miaka michache. Usipochomwa, vichaka vinausonga. Kisha akapekua nyasi kwa ncha ya kiatu chake, akanionyesha kitita kimoja cha majani marefu, kijani, laini. Mche wa msindano. Nilidhani nyasi. Nilikuwa nimesimama juu ya mwenzake.

Jumapili, 23 Februari.

Mchungaji alianza ibada kwa kumshukuru Mungu kwa ajili ya zimamoto wake. Kanisa zima likaangua kicheko. Njoroge hakuniachia hata mlangoni. "Mzee, wewe ni noma. Serikali inawasha, wewe unazima. Watakudeport kwa sababu ya fujo ya matawi."

Nilicheka nao. Nina aibu.

Jumatano, 26 Februari.

Kliniki. Nimeazima kitabu maktaba.

Mche wa longleaf unakaa kama kitita cha nyasi miaka kadhaa. Hauongezi kimo. Unashusha mzizi. Moto ukipita, sindano zinaungua lakini chipukizi lililofunikwa katikati haliungui. Kisha mwaka mmoja unaamua, unaruka juu. Mbegu zake hazioti mpaka ziguse udongo mtupu, na moto ndio unaofagia udongo. Sindano kavu zinazoanguka zimejaa utomvu, zinawaka upesi, ndizo zinazoubeba moto. Maana yake mti unajikusanyia kuni wenyewe.

Kuna kigogota mdogo anayetoboa tundu kwenye msindano mzee ulio hai, si mkavu kama wanavyofanya vigogota wengine. Anauchokoza mti pembeni ya tundu ili utomvu uchuruzike, nyoka ashindwe kupanda. Akihama, kindi na ndege wengine wanarithi nyumba. Vichaka vikirefuka hadi usawa wa tundu, anakimbia. Bila moto vichaka vinarefuka. Kwa hiyo ndege anaishi kwa moto.

Nilisoma ukurasa huo mara mbili. Maisha yangu yote ya kazi nilifukuza moto kwenye misindano. Nilikuwa sahihi. Dana anauwasha kwenye misindano. Naye ni sahihi. Sielewi kwa nini hilo linaninyima usingizi.

Festo amepiga mara mbili. Sikupokea.

Ijumaa, 14 Machi.

Nimempigia. Nimesema nitajaribu. Amesema kujaribu si kuja.

Nilipomweleza Mama Tumaini njiani kurudi, alisema nenda. Nikasema twende wote. Akanionyesha mkono wake wa mashine, ule wenye mshipa uliovimba kama kamba. "Na huu nitaupeleka kwa nani?" Festo anadai mashine sasa zipo Iringa mjini. Labda. Lakini kutoka kwetu mpaka mjini na kurudi, mara tatu kwa wiki, masika yakiwa yamekata barabara? Yeye mwenyewe hataki kusikia. "Nenda ukaikate uliyoipanda. Mimi niko hapa na mwanangu."

Sijui kama ananiruhusu au ananipima. Tumeishi pamoja miaka mingi na bado sijui.

Jioni Tumaini alirudi kutoka zamu, bado na sare zake za uuguzi. "Baba, una-decide lini? Kwa sababu mimi lazima ni-arrange mtu wa ku-drive Mama." Nimemwambia nafikiria. Amesema nimefikiria tangu yeye yuko shule ya msingi.

Jumamosi, 26 Aprili.

Nilimwandikia Dana kuomba radhi. Akanialika nije nione. Njoroge amenipeleka. Alikuwa Houston kwa arusi ya mpwa wake, akaondoka kabla ya keki.

Sina maneno ya kutosha. Palipoungua pamekuwa kijani cha kung'aa, nyasi mpya, maua madogo ya njano na zambarau ambayo Dana anayaita kila moja kwa jina. Vitita vya msindano vimetoa sindano mpya. Viwili vitatu vimeanza kuinua kichwa, cheupe kama mshumaa. Tulisimama kimya tukamsikia kigogota. Dana alituonyesha mti wake, utomvu mweupe umechuruzika kuzunguka tundu kama nta. Njoroge aliuliza kodi ni kiasi gani.

Kisha akatupeleka kwenye kipande chetu. Anakiita hivyo, kipande cha kwaya. Unakiona toka mbali. Kahawia. Nyasi kuukuu zimelala, vichaka vimesimama na majani yake yote, na chini yake nilipiga magoti nikatafuta miche kwa mkono. Nilipata miwili. Imefunikwa, sindano za manjano.

Nilifanya kazi nzuri ile siku. Hakuna cheche iliyovuka. Hii ndiyo kazi nzuri, nayo iko mbele yangu, na ni uharibifu.

Nilimwuliza Dana kama watakichoma. Alisema mpaka zamu yake ifike, tena upepo ukubali. Pengine baridi ijayo. Nikamwuliza kama naweza kuwapo. Akasema mradi nije na mikono mitupu.

Tulipofika barabara kuu Njoroge aliniuliza. "Na hiyo miti ya kwenu. Ukishaikata, halafu?"

Nikasema halafu tunapanda mingine.

"Nani?"

Nikaanza kuhesabu misindano ya kando ya barabara.

Jumapili, 18 Mei.

Festo alipiga simu ya video akiwa shambani. Tukaiegemeza simu kwenye bakuli la matunda, mimi na Mama Tumaini tukatazama.

Mistari imenyooka. Niseme ukweli, nilivimba kifua. Miaka ishirini na tatu, na ukisimama mwanzo wa mstari unaona hadi mwisho. Nilimwambia Festo asimame hapo hapo, asitikise simu.

Mama Tumaini ndiye aliyeuliza kuhusu maji. Bondeni, chini ya shamba, palikuwa na chemchemi. Alichota pale tangu aje kwetu akiwa bibi harusi. Festo akateremka, akageuza simu. Sindano kavu, rangi ya kutu, zimelala kama zulia. Mawe. Hakuna unyasi. Hakuna ndege pia, nilisikiliza. "Ilikauka zamani, shemeji. Kabla mama hajafariki."

Hakuna aliyetuambia. Au tuliambiwa, tukasahau.

Mama Tumaini hakulia. Alisema tu, "Mimi ndiye niliyechimba yale mashimo." Akaenda kulala saa mbili.

Nilijua. Kila bwana misitu anajua msindano haupandwi kwenye chemchemi. Nilikuwa nawakataza wengine. Shambani kwangu niliteremsha mistari mpaka bondeni kwa sababu mistari ilikuwa imenyooka na sikutaka kuikatisha.

Alhamisi, 12 Juni.

Tiketi imenunuliwa. Tarehe 19 Agosti. Festo amekubali kuwazuia wanunuzi mpaka nifike. Tumaini amepata dada mmoja wa kanisani wa kumpeleka mama yake kliniki. Mama Tumaini ameshaanza kupanga sanduku langu, anaweka masweta. Njoroge amesema nimletee majani ya chai ya Mufindi, kwa sababu ya Kenya wanauziwa Waingereza.

Nilitegemea kufurahi. Najisikia kama nimeandikishwa safari ya mtu mwingine.

Jumatano, 23 Julai.

Kliniki. Mama Tumaini alitoka akiyumba, presha imeshuka. Nilimshika. Ni mwepesi. Muuguzi alisema ni kawaida, anywe kidogo, akae. Tulikaa. Aliniambia nisitumie hili kama sababu.

"Ukibaki kwa ajili yangu, utanitazama kila Jumatatu kama gereza. Sitaki."

Sijui nibaki kwa ajili ya nani basi. Sijui niende kwa ajili ya nani.

Jumapili, 3 Agosti.

Festo alipiga tukitoka kanisani. Anahema. Nilijua kabla hajasema.

Moto ulitoka shamba la jirani mchana, upepo ukausukuma. Ulishafika kwenye kinga ya moto ya juu, ile niliyoilima mimi. Festo akapiga kelele. Wakaja wote. Wa kijiji chetu, wa ng'ambo ya bonde, walimu, hata watu waliokuwa msibani waliacha msiba. Wakavunja matawi. Mistari miwili ya juu imeungua magome, basi. "Usijali, Kaka. Tumezima. Yaani watu walivyokuja, ungeona!"

Nilimuuliza ni akina nani. Akataja majina. Niliwajua watatu. Wengine wote ni watoto wa watu niliowajua, au wageni, au sijui. Festo aliwataja kwa haraka, kwa furaha, kama mtu anayesoma majina ya nyumba yake.

Nimekaa na simu mkononi. Walikuja kwa sababu Festo ndiye aliyeita. Anazika nao, analima nao, anakopeshana nao chumvi. Mimi ningesimama pale nikapiga kelele, wangekuja pia, kwa heshima. Wangeuliza kwanza: yule mzee ni nani?

Hapa hawakuuliza.

Mama Furaha alikuja bila viatu. Njoroge bado hajaitoa harufu ile kwenye tai yake, anasema ataniachia urithi. Tulikuwa tumekosea, wote, kwa pamoja, kwa bidii. Nilipaza sauti mara tatu kwenye msitu wa watu nisiowajua, na walionisikia walivunja matawi.

Sikuwahi kuliwaza hivyo mpaka leo. Nilikuwa nahesabu aibu tu.

Jumatano, 6 Agosti.

Nimemwambia Mama Tumaini kwanza, garini, kabla hajashuka. Nimemwambia si kwa ajili ya figo zake. Alinitazama kuona kama nadanganya. "Basi kwa ajili ya nini?" Nikasema kwa ajili ya Mama Furaha. Akacheka, akanipiga begani na blanketi, akaingia ndani.

Kisha Festo. Hilo lilikuwa gumu. Nilimwambia akate asinisubiri. Sehemu ya juu apande tena, ni yake, na ya watoto wake. Bondeni asipande. Aache hatua za kutosha pande zote mbili za pale palipokuwa na chemchemi, paote chochote kitakachoota.

Nilisikia kuku. "Kwa hiyo, Kaka, yale maneno yalikuwa maneno tu."

Nikasema hapana, nilimaanisha. Nikasema tu kwamba aliyemaanisha alikuwa na miaka arobaini na sita. Sijui kama alielewa. Sijui kama nimeelewa. Aliniita Kaka tena kabla ya kukata. Nimeshikilia hilo.

Tumaini amefuta tiketi. Alinitengenezea chai.

Ijumaa, 8 Agosti.

Joto. Mama Tumaini ameingia na blanketi lake. Nimeegesha mahali pale pale. Sindano kavu zimejaa kwenye kioo cha mbele, sijaziwashia waipa.

Dana ameandika. Kipande cha kwaya kimewekwa kwenye mpango wa baridi ijayo. Tusimame nyuma ya barabara, tusivunje chochote. Nimemtumia Njoroge. Amejibu kwamba atavaa tai.

Festo ametuma picha moja, bila maneno. Mistari ya juu imekatwa, imelala. Bonde linaonekana sasa, na mawe yake. Nimeikuza picha kwa vidole kutafuta umajimaji. Hakuna. Ni mapema mno.

Nimesoma kurasa chache. Nitampelekea Mama Tumaini maji saa tano.

Sitarudi Mufindi.